Mzee wa Kengele Anajibu

Kwa mgeni wa ukurasa huu: jina la Mzee wa Kengele sikujibandika. Nilibatizwa na wanafunzi, enzi zile nilipokuwa natunga maswali ya mashindano ya chemsha bongo na kukaa mezani na kengele ndogo ya shaba, naipiga muda wa kujibu ukiisha. Kengele bado ninayo. Daftari la maswali nalo ninalo, jalada limebanduka, na ndani yake kuna majibu niliyoyakata kwa wino mwekundu miaka mingi baada ya kuwanyima watoto alama kwa ajili yake. Barua za mwezi huu zimenilazimisha kulifungua mara nyingi kuliko ninavyopenda.

"Shikamoo Mzee wa Kengele. Kaka yangu anasema Everest si mlima mrefu kuliko yote duniani. Nimemwambia aache masihara. Tumekubaliana kwamba utakalosema wewe ndilo litakalokuwa." – Dada Mbishi

Marahaba, Dada Mbishi. Umenitonesha kidonda. Zamani nilisimama mbele ya ukumbi uliojaa nikasoma swali hilohilo: mlima upi ni mrefu kuliko yote duniani? Msichana mmoja mwenye sauti ndogo, badala ya kujibu, akaniuliza, "Kuanzia wapi, mwalimu?" Ukumbi ukaangua kicheko. Nikapiga kengele. Timu yake ilikosa alama mbili, na mwisho wa siku ikashindwa kwa alama moja.

Nilikuja kumwelewa baadaye, nikiwa peke yangu na atlasi. Ukianza kupima kwenye usawa wa bahari, Everest haina mpinzani: mita 8,848.86, kipimo ambacho China na Nepali zilikitangaza kwa pamoja mwaka 2020. Ukianza kwenye kitako cha mlima wenyewe, Mauna Kea wa Hawaii unaipita. Juu ya maji unauona mita 4,207 tu, lakini miguu yake imesimama kwenye sakafu ya Pasifiki, na kutoka huko hadi kileleni ni zaidi ya mita 10,000.

Na ukianza kwenye kitovu cha dunia? Hapo ndipo mambo yanaponoga. Dunia si duara kamili. Kwa kuwa inazunguka, imevimba kiunoni: aliyesimama kwenye ikweta yuko mbali na kitovu kwa kilomita 21 hivi zaidi ya aliyesimama kwenye ncha. Mlima ulioko karibu na ikweta umebebwa begani na uvimbe huo. Bingwa kwa kipimo hiki ni Chimborazo wa Ekwado, wenye mita 6,263 tu juu ya bahari, na kilele chake kinakipita cha Everest kwa kilomita mbili hivi. Sasa subiri. Kilimanjaro, mita 5,895, uko nyuzi tatu tu kusini mwa ikweta. Nilikaa na kalamu nikafanya hesabu, nikairudia kwa sababu mara ya kwanza sikuiamini: kilele cha Kilimanjaro kiko mbali na kitovu cha dunia kuliko kilele cha Everest, kwa zaidi ya kilomita moja na nusu. Mlima Kenya nao unaipita Everest, kwa takriban kilomita moja.

Kwa hiyo kaka yako hajakosea, na wewe hujakosea. Mmetofautiana pale mlipoanzia kushika futi kamba. Yule msichana alikuwa anadai hilo tu, na mimi nikamjibu kwa kengele.

"Shikamoo babu. Mwalimu wetu wa darasa la tano amesema pweza ana mioyo mitatu. Baba anasema haiwezekani. Nani amesema kweli?"

Marahaba mjukuu wangu. Mwalimu. Baba mpe pole, kwa adabu.

Moyo mmoja husukuma damu mwilini kote. Miwili iliyobaki imegawana matamvua, kila mmoja na upande wake, kazi yake ni kuipitisha damu huko ikachukue oksijeni. Ajabu ni kwamba pweza akiogelea, ule moyo wa mwili husimama. Ndiyo maana hupenda kutambaa kwenye mawe na huogelea pale tu inapobidi; kuogelea kunamchosha upesi. Damu yake ni ya buluu, kwani yetu sisi hubeba oksijeni kwa msaada wa chuma, na yake hutumia shaba.

Darasani mtakutana pia na mtu atakayewaambia kwamba pweza ana bongo tisa. Huyo ametia chumvi. Ubongo ni mmoja, ila katika seli za neva karibu milioni 500 alizonazo, kama theluthi mbili ziko kwenye minyiri. Kila mnyiri unaweza kupapasa, kuonja na kushika bila kusubiri amri kutoka kichwani, na hata ukikatwa huendelea kwa muda kujikunja ukiguswa. Bongo tisa hana, lakini minyiri yake imepewa madaraka makubwa.

"Je, ni kweli? Mbuni hufukia kichwa mchangani akiogopa. Ngamia huhifadhi maji kwenye nundu. Fahali huchukia rangi nyekundu. Popo haoni. Radi haipigi mahali pamoja mara mbili."

Hukusalimu, lakini nakujibu. Hapana, mara tano.

Mbuni huchimba kiota ardhini na kuinamisha kichwa kugeuza mayai. Na akihisi hatari bila pa kukimbilia, hulaza shingo chini. Aliyemwona kwa mbali akakimaliza kisa mwenyewe. Nundu ya ngamia ni mafuta. Maji huyanywa kwa mkupuo, zaidi ya lita 100 katika robo saa hivi, na chembe zake nyekundu za damu zina umbo la yai, hivyo huvumilia kuvimba bila kupasuka. Fahali hana macho ya kuitofautisha nyekundu vizuri. Kinachomtia hasira ni kitambaa kupeperushwa, na mpiganaji wa fahali akianza mchezo hutumia kikubwa zaidi, cha rangi ya zambarau-waridi na njano, na fahali hukishambulia vilevile. Popo anaona. Ama radi, jengo la Empire State la New York hupigwa mara 20 hivi na zaidi kwa mwaka. Na kuna Roy Sullivan, mlinzi wa hifadhi ya Shenandoah huko Virginia, aliyepigwa na radi mara saba kati ya mwaka 1942 na 1977, na zote saba akapona. Mtu huyo sijui alikuwa anapata wapi wa kufuatana naye njiani wakati wa mvua.

"Mzee, toleo lililopita uliandika kwamba ukikusanya watu 23 tu, uwezekano wa wawili kati yao kuwa na siku moja ya kuzaliwa unazidi nusu. Mwaka una siku 365. Kazi yangu ni hesabu. Hapa umetulisha matango pori." – Mhasibu

Mhasibu, barua yako ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote, kwa sababu ni barua ambayo ningeiandika mimi.

Kosa lako, nami nililifanya kabla yako, ni kwamba umesoma swali moja ukajibu jingine. Kimoyomoyo umejiuliza: nikiingia chumbani na watu 22, kuna yeyote aliyezaliwa siku moja nami? Hapo una haki ya kucheka. Uwezekano huo haufiki hata asilimia 6, na ili uvuke nusu unahitaji wenzako 253. Lakini swali langu halikukuhusu wewe. Niliuliza kuhusu wawili wowote.

Waambie hao 23 wapeane mikono, kila mtu na kila mtu. Wa kwanza atatoa mkono mara 22, wa pili ana 21 zilizobaki, na kuendelea. Jumla ni mikono 253. Kila kupeana mkono ni nafasi moja ya tarehe kulingana. Watu ni 23, lakini jozi ni 253, na tarehe hulingana katika jozi.

Kama bado unataka namba, waingize chumbani mmoja mmoja na kupiga hesabu ya kutolingana, kwani ndiyo rahisi. Wa pili ana siku 364 kati ya 365 za kumkwepa wa kwanza. Wa tatu ana 363. Wa nne, 362. Zidisha sehemu hizo mpaka mtu wa 23 na utabaki na asilimia 49.3 ya kwamba wote wamekwepana. Kwa hiyo waliogongana ni asilimia 50.7. Wakifika 57, kugongana ni asilimia 99.

Ushahidi wa uwanjani upo. Kombe la Dunia la mwaka 2014 lilikuwa na timu 32, kila timu ikiwa na wachezaji 23. Timu zilizokuwa na wachezaji waliochangia siku ya kuzaliwa zilikuwa 16. Nusu, bila kuongeza wala kupunguza. Mimi mwenyewe nililijaribu jambo hili tukiwa watu 31 kwenye chumba cha kusahihishia mitihani, ambapo kitabu kinasema asilimia 73. Wawili walikuwa wa tarehe 9 Juni. Walikuwa wamekaa meza moja miaka minne, wakigombania kalamu nyekundu, na hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake.

"Shikamoo mwalimu. Nasikia Septemba maana yake ni ya saba, na ilhali ni mwezi wa tisa. Nani alikosea kuhesabu?" – Mwanafunzi wa kidato cha pili

Marahaba. Hakuna aliyekosea, ila mwanzo ulihamishwa. Mwaka wa Warumi wa kale ulianza Machi. Ukianza Machi, Septemba ni wa saba, Oktoba wa nane, Novemba wa tisa, Desemba wa kumi, kama Kilatini kinavyosema. Mwanzo ukaja kusogezwa Januari, majina yakabaki palepale. Julai na Agosti nayo yalikuwa na majina ya namba, wa tano na wa sita, mpaka yalipopewa heshima ya watawala wao, Julius Caesar na Augustus.

Kabla hujawacheka Warumi, nikuulize la kwako. Jumatano ni siku ya ngapi? Jina linasema tano. Na Alhamisi? Ni neno la Kiarabu, nalo linasema ya tano. Tuna siku mbili zinazofuatana, zote zinaitwa ya tano, na tunaishi nazo bila ugomvi. Jumatano inahesabiwa kuanzia Jumamosi, ambayo ni mosi. Alhamisi imehesabiwa na wenyewe kuanzia Jumapili. Kila moja iko sahihi katika hesabu yake. Nimewauliza watu wazima swali hili, wasomi wa haja, na wengi walihesabu vidole kwanza.

Tukiwa bado kwenye kalenda, mtu mwingine ameuliza kama ni kweli kuna siku ziliwahi kufutwa. Ni kweli. Kalenda ya Julius Caesar iliuhesabu mwaka kuwa siku 365 na robo. Mwaka wenyewe ni pungufu ya hapo kwa dakika 11 hivi. Dakika 11 si kitu kwa mtu mmoja, ila kwa karne kumi na tatu zinakuwa siku kumi. Mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 akaamuru kalenda irekebishwe: Alhamisi ya tarehe 4 Oktoba ikafuatwa na Ijumaa ya tarehe 15. Teresa wa Avila, mtakatifu wa Hispania, alifariki usiku huohuo wa kuvuka. Alikata roho tarehe 4, akazikwa kesho yake, tarehe 15.

Si kila nchi ilifuata. Uingereza ilingoja mpaka 1752, Urusi mpaka 1918, ndiyo maana Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi kwa kalenda yetu yalitokea Novemba. Ndiyo maana pia swali moja la daftarini mwangu lina wino mwekundu: "Waandishi gani wawili wakubwa walikufa siku moja?" Nilitaka Shakespeare na Cervantes, tarehe 23 Aprili 1616. Tarehe iliyoandikwa ni moja, siku si moja. Hispania ilikuwa imeshabadilisha kalenda na Uingereza bado, kwa hiyo Shakespeare alimfuata mwenzake baada ya siku kumi hivi. Nilitoa alama kwa jibu hilo miaka yote.

Ili siku zisirundikane tena, mwaka wa karne hauna tarehe 29 Februari isipokuwa ukigawanyika kwa 400. Mwaka 1900 haikuwepo, 2000 ilikuwepo, 2100 haitakuwepo. Mtoto atakayezaliwa 29 Februari 2096 atasubiri siku yake ya kuzaliwa mpaka 2104.

"Mzee wetu, kwa heshima zote, uliandika kwamba siku moja ya Zuhura ni ndefu kuliko mwaka wake. Naona hukumaliza." – Mtazama Nyota

Sikumaliza, na nimefungwa bao la wazi. Niliandika kwamba Zuhura huchukua siku 243 za dunia kujizungusha mara moja, na siku 225 kulizunguka jua. Hizo ni sahihi. Lakini kama siku ni kutoka macheo hadi macheo, kama tunavyoijua sisi, hesabu inabadilika, kwa sababu Zuhura hujizungusha kinyume cha inavyokwenda. Aliyesimama pale angeona jua likichomoza magharibi, na kutoka macheo mpaka macheo angesubiri siku 117 hivi za dunia. Kwa mwaka wake mmoja angepata kama macheo mawili. Siku ni ndefu kuliko mwaka au ni nusu ya mwaka? Inategemea unasimama kwenye nyota au kwenye udongo. Nimeshaandika kwa wino mwekundu.

"Nimesoma kwamba maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi. Nimejaribu kwenye jokofu langu, nikaona uongo mtupu."

Hadithi hii ina mwenyewe, na inafaa isimuliwe vizuri.

Mwaka 1963, katika shule ya sekondari ya Magamba, Tanganyika, mwanafunzi aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kawaida ilikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kuacha vipoe, ndipo viingie kwenye friji. Nafasi zilikuwa zinagombaniwa. Mpemba akaona akingoja atakosa, akaingiza maziwa yake yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake, aliyeyaingiza bila kuyachemsha. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa.

Hakuacha. Akiwa shule ya Mkwawa, alikuja mwanafizikia Denis Osborne kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi, na Mpemba akanyoosha mkono akauliza swali lilelile. Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka kiasi cha kusahau: alirudi chuoni akalipima. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na tangu hapo jambo hilo linaitwa athari ya Mpemba ulimwenguni kote. Baadaye ikaonekana hata Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, alikuwa ameligusia, na wanafalsafa Bacon na Descartes wa Ulaya, ila hakuna aliyeling'ang'ania namna ile.

Sasa jokofu lako. Hukukosea. Wengi wamejaribu na kukosa, na mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden walichapisha majaribio wakionyesha kwamba ukisogeza kipimajoto juu au chini kidogo tu ndani ya chombo, unaweza kupata athari au kuipoteza. Wengine huipata. Sababu zinazopendekezwa ni nyingi: maji ya moto hupungua kwa mvuke, chombo cha moto huyeyusha barafu iliyo chini yake kwenye friji na hivyo hukalia chuma vizuri zaidi, maji baridi huweza kushuka chini ya nyuzi sifuri bila kuganda. Lakini kabla ya sababu kuna swali wanaloligombania mpaka leo: kuganda ni nini? Ni kufika nyuzi sifuri? Ni chembe ya kwanza ya barafu? Au ni mpaka tone la mwisho liwe gumu? Watu wawili wanaweza kutazama vikombe vilevile na kutangaza washindi tofauti.

Kinachonikaa moyoni ni wale walimu na wanafunzi waliocheka. Nimeshasema nilichofanya na kengele yangu.

"Je, Ukuta wa China unaonekana kutoka mwezini?" – Kinyozi

Hapana. Ni mrefu, lakini hatuoni kitu kwa urefu wake kama hatuuoni upana, na upana wa ukuta ni mita sita hivi. Nimekupigia hesabu ya kazini kwako: kuutafuta ukuta huo kutoka chombo kilicho kilomita 400 juu ni kama kuutafuta unywele mmoja sakafuni ukiwa mita nne au tano. Kutoka mwezini, kilomita 384,400, ni kama kuutafuta unywele huohuo ukiwa zaidi ya kilomita nne. Yang Liwei, Mchina wa kwanza kwenda anga za juu, aliporudi mwaka 2003 aliulizwa, akasema hakuuona. Ilihitaji moyo kusema hivyo nyumbani. Taa za miji usiku, hizo zinaonekana vizuri sana kutoka kwenye mzunguko wa dunia.

"Vita fupi kuliko zote ilichukua dakika 38 au 45? Vitabu vinagongana."

Vinagongana kwa sababu vita haina kengele. Unaizungumzia ya Zanzibar, tarehe 27 Agosti 1896. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki tarehe 25, Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ridhaa ya Waingereza, nao wakampa mpaka saa tatu asubuhi awe ametoka. Saa tatu na dakika mbili mizinga ya meli ikaanza. Wanaohesabu mpaka mizinga iliponyamaza hupata kama 38; wengine huvuta mbele kidogo. Waliokufa na kujeruhiwa upande wa kasri walikuwa kama 500. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Khalid alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani. Swali hili huulizwa kwa kicheko katika kila chemsha bongo, na mimi nimeacha kuliuliza.

"Nchi ipi ina kanda nyingi za saa?" 

Wote hujibu Urusi, yenye 11. Ni Ufaransa, 12, kwa sababu ya visiwa vyake vilivyotapakaa baharini. China, pamoja na upana wake, ina moja tu. Na Samoa iliwahi kuruka siku nzima: ililala Alhamisi tarehe 29 Desemba 2011 ikaamka Jumamosi tarehe 31, baada ya kuuhama upande wake wa mstari wa tarehe, mpaka wa kufikirika baharini unaotenganisha leo na kesho. Nao wakapata wiki isiyo na Ijumaa.

"Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu kijana, nimepewa kazi ya kutunga maswali ya mashindano. Nianzie wapi?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa mzigo. Jihadhari na maneno "kubwa kuliko". Chukua ziwa. Ukisema ziwa kubwa kuliko yote, mtu atajibu Caspian, ambalo wengine huliita bahari. Ukisema la maji baridi kwa eneo, ni Superior la Amerika Kaskazini, kilomita za mraba 82,000 hivi, na Victoria linafuata kwa 68,800. Ukisema kwa wingi wa maji au kwa kina, ni Baikal la Siberia, lenye kina cha mita 1,642. Tanganyika ni la pili kwa kina, mita 1,470. Ziwa lako ni lipi? Na jangwa vivyo hivyo: darasa zima litasema Sahara, lakini jangwa ni mahali pasiponyesha, na Antaktika ni kubwa kuliko Sahara kwa mbali.

Pia kuna majibu yanayooza. Mimi nilikuwa na swali la sayari ambalo jibu lake lilikuwa tisa. Mwaka 2006 Pluto ikashushwa cheo na swali likafa. Miezi ya Zohali nimeikata mara nyingi mpaka karatasi imetoboka: Machi 2025 iliongezwa 128 kwa mpigo, ikawa 274. Maswali ya aina hiyo yaandikie tarehe, kama dawa. Na ukimaliza kutunga, mpe asiyejua jibu alisome swali kwa sauti. Akikuuliza neno lolote kabla ya kujibu, rudi mezani.

Kengele kaa nayo mbali kidogo na mkono.

Swali la mwezi ujao: mtu alizaliwa tarehe 1 Juni mwaka 5 kabla ya Kristo, akafa tarehe 1 Juni mwaka 5 baada ya Kristo. Alikuwa na umri gani? Wenye jibu la miaka kumi, msininunulie stempu bado.